Pete ya uchumba: almasi yenyewe au moisanaiti? Nina milioni moja na nusu, naombeni ushauri

Kijana_Uyole

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Niko Mbeya huku Uyole, mwezi wa 12 nataka kumvisha pete mchumba wangu nyumbani kwao Tukuyu. Barua ya posa wazee walishaipokea, mahari tumetoa sehemu, mshenga wetu yuko vizuri, yani kilichobaki ni pete tu na hapo ndipo nimekwama.

Nimejibana mwaka mzima nimepata milioni moja na nusu kwa ajili ya hiyo pete. Wiki mbili zilizopita nilipeleka mzigo wa viazi Dar nikasema ngoja nipite kwa masonara niangalie bei, duka la kwanza wakanionyesha pete ya almasi, jiwe lenyewe kama punje ya mtama, karati 0.3, lina cheti, milioni tatu na laki mbili. Nikashukuru nikatoka. Duka la pili wakaniletea pete jiwe lake kubwa mara mbili ya lile, laki nne na nusu, nikauliza hii nayo ni almasi? jamaa akasema almasi kabisa bro, nikaomba cheti akaanza maneno mengi mara cheti kiko kwa bosi mara siku hizi vyeti havitolewi, nikaona isiwe tabu nikaondoka.

Sasa nimerudi huku kuna rafiki yangu kaagiza onlaini pete ya fedha yenye jiwe linaitwa moisanaiti, laki mbili na nusu mpaka mkononi, na inawaka kuliko ile ya milioni tatu, hapo ndo kichwa kikavurugika kabisa.

Naomba kujua hiyo moisanaiti inadumu au itafifia? Na hizi almasi za maabara ninazosikia ni feki au ni nini? Mchumba wangu ni nesi, mikono yake kutwa iko kwenye maji na sabuni na madawa. Na swali linaloninyima usingizi ni hili, nikimvisha jiwe ambalo si almasi nitakuwa nimemdanganya? Huyu dada nampenda kweli, sitaki kuanza naye na kitu cha uongo.

Sonara_Mzee

Marahaba kijana wangu, na hongera kwa hatua uliyofikia. Hii kazi ya usonara naifanya mwaka wa 22 sasa hapa Mbeya mjini, nitakueleza kama ningemweleza mwanangu.

Kwanza ulifanya vizuri sana kutoka kwenye lile duka la pili. Kwa bei ile na ukubwa ule na mtu hana karatasi, mimi akili yangu inaniambia ilikuwa kyubiki zirkonia, ndiyo ile wengi wanaiita CZ. CZ siyo dhambi, ni jiwe la kutengenezwa kiwandani linauzwa bei rahisi sana na likiwa jipya linapendeza, ubaya ni kuliuza kwa jina la almasi. Halafu kwa pete ya kuvaa kila siku silipendekezi maana linachubuka, kona zake zinaliwa, linashika ukungu, baada ya miaka michache unaona limekufa.

Sasa almasi ya maabara. Hiyo ni almasi, naomba ulielewe hili vizuri kwasababu watu wengi wanaiweka kapu moja na feki. Ni kaboni ile ile, ugumu ule ule, kwenye kile kipimo cha ugumu cha Mohs iko 10, yani juu kabisa, kama ya ardhini. Tofauti ni kwamba ya ardhini imejipika huko chini sana, kilomita 150 na zaidi, miaka bilioni moja mpaka tatu, na hii nyingine imepikwa kwenye mashine kwa wiki kadhaa. Si kitu cha juzi pia, General Electric wa Marekani walifanikiwa kuitengeneza mwaka 1954, ila zile za mwanzo zilikuwa za kukatia vyuma viwandani, hizi nzuri za kuvaa ndo zimejaa sokoni miaka ya karibuni. Kwa macho hata mimi sikutofautishii, mpaka mashine maalum au uangalie namba iliyoandikwa kwa leza pembeni ya jiwe ulinganishe na cheti.

Bei yake imeshuka vibaya mno. De Beers wenyewe, ile kampuni kubwa ya almasi, mwaka 2018 walianzisha chapa yao ya almasi za maabara inaitwa Lightbox wakawa wanauza karati moja dola 800, na mwaka 2025 wakatangaza wanaifunga kwasababu bei za jumla zimeporomoka. Kwahiyo ukinunua ya maabara nunua ya kuvaa, usiweke akilini kwamba ni akiba. Na hata ile ndogo ya ardhini siyo akiba kijana, siku ukiirudisha kuiuza hakuna atakayekupa milioni tatu na laki mbili, watu hapa hulia wakileta kuuza.

Moisanaiti siyo almasi, ni silikoni na kaboni, jiwe lenyewe kabisa lenye jina lake. Ugumu wake ni 9.25, baada ya almasi katika mawe ya kuvaa sidhani kama utapata gumu kuliko hilo. Halififii. Sabuni ikiganda juu litaonekana limepoa, unaliosha kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini linarudi kama jana. Lile linalowaka kuliko almasi umeliona sahihi, linavunja mwanga kwa nguvu zaidi kwahiyo linatoa rangi rangi za upinde wa mvua, wengine wanapenda wengine wanasema zimezidi hasa jiwe likiwa kubwa. Ukitaka lisipige kelele chukua dogo, milimita 5 hivi, hapo hata mimi inabidi nichukue kioo cha kukuzia ndo nione.

Na wakikupima kwa ile kalamu ndogo ya kupima joto, moisanaiti itasoma almasi! Kwasababu nayo inapitisha joto vizuri. Inatakiwa kipimo kinachopima na umeme. Yale mambo ya kupuliza pumzi, kuweka kwenye glasi ya maji, kukwaruza kioo, achana nayo, CZ yenyewe inakwaruza kioo na mawe yote hayo yanazama majini. Na asije mtu akakwambia ligonge na nyundo kama ni almasi halivunjiki, almasi ni ngumu kukwaruzwa lakini ukiipiga inapasuka vizuri tu, nimeona kwa macho yangu.

Mchimbaji_Chunya

Mkuu mimi nakuuliza, kwanini usiweke jiwe la kwetu? Tunduru na Songea huko kuna safaya za kila rangi tangu miaka ya 90, bluu, njano, pinki, nyingine zinabadilika rangi ukitoka juani ukiingia kwenye taa. Ugumu 9. Kwa nusu ya hela yako unapata jiwe zuri la ardhi ya Tanzania na dhahabu ya Chunya hapa hapa, soko la madini lipo, unapewa karatasi zako hakuna mtu anakusumbua. Au tanzanaiti ya Mererani, hiyo duniani kote iko sehemu moja tu.

Ila kama mtu atakufuata na jiwe ghafi kwenye karatasi ya sigara anakwambia ni almasi imetoka mgodi wa Mwadui kwa njia ya panya, kimbia. Moja, biashara ya madini bila leseni ni kosa. Mbili, mara nyingi ni kwazi tu limesuguliwa na mawe mengine. Nimeshaona watu wameuza ng'ombe kwa kitu kama hicho.

Sonara_Mzee

Safaya naunga mkono mia kwa mia, tena kama binti anapenda rangi. Muulize muuzaji kama imechomwa, nyingi zimechomwa moto kuboresha rangi na hilo ni jambo la kawaida sokoni, ila lazima akwambie.

Tanzanaiti kwa pete ya nesi hapana. Naipenda mno lakini ugumu wake uko kati ya 6 na 7, vumbi la kawaida tu lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwahiyo kila ukiifuta na kitambaa kikavu unaichubua kidogo kidogo. Na ikitoka kwenye maji ya moto ikaingia ya baridi ghafla inaweza kupasuka. Hiyo weka kwenye hereni au mkufu, itadumu.

MamaKihesa

Kamweneni wana jukwaa. Mdogo wangu naomba nikujibu lile swali lako la mwisho maana hayo ya ugumu baba sonara ameyamaliza.

Mimi ni mwalimu hapa Iringa. Mume wangu alinivisha pete mwaka 2014, alinunua kwenye duka moja sitalitaja, laki nane, wakamwambia almasi. Laki nane ya 2014 kwa mwalimu mwenzangu anayeanza kazi, kumbe aliuza pikipiki yake aliyokuwa anaendea shule akawa anatembea kwa miguu mwaka mzima, mimi nilikuwa nadhani pikipiki imeharibika. Nimeivaa ile pete kwa raha zangu zote, nafulia nayo, nafanyia usafi nayo, nashika chaki nayo. Kama mwaka wa tano nikaona jiwe halichezi tena, limekuwa jeupe jeupe kama macho ya samaki aliyelala, nikasema ni uchafu. Siku nikaipeleka Miyomboni kwa sonara isafishwe na kupunguzwa saizi, yule baba akaiangalia, akaiweka kwenye kipimo, akaiangalia tena, akaniuliza taratibu, mama hii uliambiwa ni jiwe gani?

Nilikaa na hiyo siri miezi miwili. Nilikuwa nikimwangalia mume wangu anakula nashindwa kumwambia. Nikawaza nisimwambie kabisa, nikaona hapana, nikimficha na mimi nitakuwa kama wale waliomuuzia. Nilipomwambia alinyamaza mpaka chakula kikapoa halafu akasema "kwahiyo nilitembea kwa miguu kwa ajili ya chupa". Jamani lile neno liliniumiza kuliko jiwe. Nilimwambia baba fulani, mimi nimevaa miguu yako, sijavaa chupa.

Tukaenda wote wawili kwa yule sonara, dhahabu ilikuwa ya kweli imegongwa muhuri wa dhahabu 585 kwa ndani, kwahiyo tukatoa lile jiwe tukaweka moisanaiti kwenye pete ile ile. Ninayo mpaka leo na naisema kwa jina lake, mtu akiniuliza hiyo almasi? namwambia hapana ni moisanaiti, na sijawahi kuona haya.

Kwahiyo mdogo wangu, moisanaiti ukiiita moisanaiti hujamdanganya mtu. Mwambie kabla ya kumvisha. Usisubiri aje aambiwe na mtu mwingine dukani kama mimi.

Baba_Makambako

Nimesoma yote, pole sana mama Kihesa na huyo mzee wako ni mwanaume kweli.

Mimi wa zamani kidogo, nilioa kwa mahari ya ng'ombe na blanketi na jembe, pete tulivishana kanisani siku ya ndoa basi, haina jiwe, ya dhahabu kavu, na mke wangu hajaivua miaka 31. Hii ya pete ya almasi ya uchumba imeletwa na biashara, De Beers mwaka 1947 ndo wakaanza na ile kauli yao kwamba almasi ni ya milele, kabla ya hapo hata huko kwao si kila mtu alivaa. Sikukatazi kijana, vijana wa sasa wana yao. Nachosema malizia mahari kwanza. Ukimaliza mahari ukweni ukabakiwa na laki tano ya pete, wakwe watakuheshimu kuliko ukienda na jiwe linawaka huku unadaiwa ng'ombe wawili.

Kijana_Uyole

Shikamoo baba Makambako, mahari iliyobaki tumekubaliana na wazee imalizike baada ya mavuno ya mwezi wa 6, wameridhia kwa maandishi, hiyo hela ya pete haijagusa huko. Lakini nimekusikia mzee wangu.

Mama Kihesa nimesoma ujumbe wako mara tatu. Ahsante sana dada. Kuna kitu kimoja sijaelewa kwa baba sonara, fedha au dhahabu? Maana ile ya rafiki yangu ni ya fedha.

Mwalimu_Vwawa

Nichangie kidogo nje ya bei. Nafundisha kemia huku Mbozi na huwa nawaambia wanafunzi habari ya hilo jiwe tukiwapeleka kuona kimondo chetu. Mwaka 1893 Mfaransa Henri Moissan alikuwa anachunguza vipande vya kimondo kilichoanguka Arizona, Marekani, kimondo cha chuma kama hiki chetu cha Ndolezi, akakuta ndani yake vifuwele vidogo sana vinang'aa akadhani ni almasi. Ilichukua mpaka 1904 ndo akathibitisha ni silikoni kabaidi, na jiwe likaja kuitwa kwa jina lake. Haya yanayouzwa madukani yote yanatengenezwa maabara kwasababu ya asili ni haba sana na vichembe vyake ni vidogo mno.

Kwahiyo kijana ukienda Tukuyu unaweza kumwambia huyo dada kwamba jiwe kama hili mara ya kwanza lilionekana ndani ya kitu kilichoanguka kutoka angani. Mimi ningependa kuambiwa hivyo kuliko kuambiwa karati ngapi.

Nesi_Njombe

Naongea kama nesi. Kijana wa Uyole usimnunulie pete ya jiwe lililoinuka juu na vile vikucha. Vinachana glavu, vinanasa kwenye shuka, vinamkwaruza mtoto ukimbeba, na wodini kwetu mkuu wa zamu atamwambia avue. Nina mwenzangu aliivua akaiweka mfukoni mwa gauni la kazi gauni likaenda kufuliwa na habari ikaishia hapo. Tafuta iliyolala chini, jiwe limezungushiwa dhahabu pande zote. Na mnunulie na mkufu mwembamba aivae shingoni akiwa zamu, hiyo peke yake atajua umemfikiria kazi yake.

Na muulize anataka nini jamani! Wanaume mnajifungia mnateseka na mawe, mwenyewe labda hata almasi haipendi.

Sonara_Mzee

Dada nesi amesema kitu cha maana kuliko mimi. Hiyo ya kuzungushia inafanyika, jiwe linakaa kwenye kikombe cha dhahabu ukingo unakunjwa juu yake, ni salama sana kwa mtu wa mikono, na jiwe haling'oki kirahisi.

Kijana kuhusu fedha na dhahabu. Fedha ya 925 ni nzuri ila ni laini, kwa mtu anayeshika dawa na kunawa kutwa itakuwa nyeusi na itapinda, utaisafisha kila mara. Hela yako inatosha dhahabu. Chukua karati 14 (karati ya dhahabu ni usafi wake, siyo uzito kama ya jiwe), ina dhahabu asilimia 58.5 na ni ngumu kuliko ya 18 yenye asilimia 75, itagongwa 585 kama ya mama Kihesa. Angalia huo muhuri, na uombe ipimwe mbele yako. Kwa dhahabu ilivyopanda sasa hivi jua kabisa nusu ya hela yako au zaidi inaishia kwenye chuma, siyo kwenye jiwe, watu wengi hawalijui hili wanakuja wamebanana na jiwe tu. Ikiwa nyeupe itakuwa imepakwa rodiamu, ni metali nyeupe inayong'aa, inachuja baada ya muda unapaka tena, mimi ningekwambia chukua ya njano yenyewe uondoe usumbufu.

Ukitaka almasi ya ardhini kwa bajeti hii inawezekana, itakuwa ndogo sana, karati 0.1 hivi, milimita 3. Nayo ni pete halali kabisa, usisikilize anayecheka. Ya maabara unaweza kufika nusu karati, lakini hakikisha ina cheti na namba isomeke. Moisanaiti utapata saizi unayotaka na utabakiwa na hela ya huo mkufu.

Kijana_Uyole

Wakuu narudi na mrejesho. Nimefanya alivyosema dada nesi, jana tulikuwa tumekaa tunakunywa chai nikamuuliza tu kama mazungumzo, hivi wewe ukivishwa pete ungependa jiwe gani. Akacheka akasema yeye pete ya bibi yake ilikuwa na jiwe la bluu, ilipotea msibani, na tangu mdogo anaikumbuka ile bluu. Nimekaa naye miaka mitatu sikuwahi kulijua hilo.

Kwahiyo ndugu Mchimbaji umeshinda, nataka safaya ya bluu ya Tunduru au Songea, ndogo, dhahabu ya njano karati 14, imezungushiwa. Na nitamwambia ni jiwe gani, limetoka wapi na kama limechomwa, kila kitu. Baba sonara naomba nikufuate, je jiwe nije nalo mwenyewe au unalo? Na saizi ya kidole napataje bila yeye kujua siku yenyewe?

Mchimbaji_Chunya

Safi sana mkuu. Nitakuunganisha na dalali mwenye leseni, utaliona jiwe juani na kwenye kivuli kabla hujatoa hata mia, bluu nyingine ndani ya nyumba inageuka nyeusi, lazima uione sehemu zote mbili.

Sonara_Mzee

Lete jiwe lako, nitalipima mbele yako. Kidole, mwambie dada yake au rafiki yake wa karibu aazime pete yoyote anayovaa kidole hicho hicho cha mkono huo huo, niletee niipime nakurudishia hapo hapo. Ukishindwa, uzi usiovutika uzungushwe kwenye kidole, lakini jioni, siyo alfajiri, na baridi ya Uyole vidole vinasinyaa, ukipima asubuhi pete itambana Tukuyu mwezi wa 12. Na kumbuka lazima ipite kwenye fundo la kidole. Njoo Jumamosi kuanzia saa nne, kuunda na kung'arisha nipe siku kumi.

Nesi_Njombe

Na mkufu usisahau.